Gusa Jiwe Kwanza

Zuhura mwanangu,

Salamu nimeziruka, maana kumsalimia kwa barua mtu anayetembea juu ya kichwa chako ni upuuzi. Wewe uko juu, mimi niko chini mezani, na kila unachofanya nakisikia. Sasa hivi umeburuta sanduku kutoka dirishani mpaka mlangoni. Sasa umelirudisha. Gurudumu moja lina kasoro, linalia kama panya. Tungekuwa tunasemezana ningepanda nikalitia mafuta, lakini tangu Jumapili mimi na wewe tunaambizana habari za chumvi na zamu ya bafu tu.

Basi naandika. Usinicheke mwandiko. Darasa la nne nililimaliza, la tano nikalichungulia dirishani nikaona halina jipya. Kwenye meli nilikuwa na wenzangu wenye vyeti, na nahodha aliniita mimi, mbele yao wote, akasema hajapata kuona mtu anayemenya viazi upesi namna hii. Hilo hakumwambia mwenye cheti.

Ya pasi ya kusafiria, na dawa, na nguo, mama yako ameyamaliza. Australia mimi sijafika, na nchi ambayo sijafika siifundishi. Mama yako yuko jikoni anakaanga visheti vya kukutilia kwenye sanduku, ingawa umemwambia watu wa forodha wa kule watavitupa. Anasema wataonja kwanza, halafu tuone kama watatupa.

Mimi nina neno moja tu. Ila silifikii moja kwa moja, lazima nizunguke. Nivumilie.

Jumapili ulipotuambia kwamba mkataba wa hospitali ya Perth umeshautia saini na tiketi ni ya wiki hii hii, nilikuwa na tonge mkononi. Mtoto mwingine angengoja baba yake ameze. Nikasema, "Ukitoka humu, chumba chako nakipangisha kesho yake. Usidhani kitakaa kinakusubiri." Mama yako akaweka kijiko chini. Wewe hujawahi kunijibu kwa Kiingereza hata nikikuuliza saa, lakini siku ile ulinijibu kwa neno lao moja, la kusema sawa.

"Fain."

Halafu ukaenda kuosha sahani, ukaziosha polepole, mojamoja, na sisi tunasikiliza.

Na mimi nikisema kitu nakifanya. Jumatatu nikavaa koti, nikaenda Kenton, mtaa wa pili hapa hapa London, kwa Bhai mwenye duka, yule Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayesema Kiswahili kama anamwamrisha punda. Nikamwambia aniandikie kadi abandike dirishani kwake: chumba, nyumba tulivu, Queensbury, karibu na stesheni, mvuta sigara asije. Akaandika kwa herufi nzuri. Akaniuliza chumba chenyewe ni cha nani. Nikamwambia hayamhusu. Najua mama yako amekwambia habari ya hiyo kadi, niliwasikia mkinong'ona kwenye ngazi.

Nimenyanyuka kidogo. Nilidhani bomba la jikoni linadondosha maji. Halidondoshi.

Habari za besiboli umezisikia tangu ukiwa mdogo mpaka ukawa unaziba masikio, lakini nilikupa zile za ushindi. Hii sikukupa.

Ngamiani kule Tanga barabara zina namba badala ya majina, na sisi watoto wa barabara ya kumi na tatu tulikuwa tunaogopwa. Nakwambia kweli, uliza mtu yeyote wa rika langu aliyebaki. Shuleni kwetu akaletwa mwalimu Mmarekani, kijana, mrefu mpaka akiingia darasani anainama. Tukampa jina Mwalimu Mnazi. Mitaa yote ilikuwa na kandanda, yeye akatuletea mchezo wa kwao. Mmoja anatupa mpira, mmoja anaupiga kwa gongo. Ukishaupiga unakimbia: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi pale pale ulipoanzia. Hapo ndipo unapata bao. Babu yako alipoelezwa akauliza, "Yaani mtu akimbie kote huko ili arudi alipokuwa?" Tukamwambia ndivyo. Akafikiri kidogo, akasema basi huo si mchezo wa watoto.

Mpira tulitengeneza wenyewe. Ndani tyubu ya baiskeli, juu yake kamba ya mkonge tunaizungusha mpaka viganja vinachanika, halafu fundi viatu anatushonea ngozi. Ukikupata wa mbavu unakumbuka ulichokula juzi. Gongo lilikuwa mchi wa bibi yako. Mchezo umenoga, yeye anatoka nje na ungo wake anasimama katikati ya uwanja: nani ana mchi wangu, nina mpunga. Mchezo unasimama mpaka atwange. Vituo vilikuwa magunia ya mkonge yaliyojazwa makumbi ya nazi. Babu yako alikuwa mpakizi ghalani, magunia mabovu alikuja nayo nyumbani.

Na pale pa kumalizia mbio palikuwa jiwe la chini ya baraza letu. Mwalimu Mnazi alitufundisha kwamba kwao mahali hapo panaitwa homu, maana yake nyumbani. Sisi hatukuhitaji tafsiri. Babu yako alisema kama mnataka kupiga kelele mbele ya nyumba yangu, mwisho wa mbio ni jiwe langu, na refa ni mimi. Akawa anakaa barazani anashona magunia, jicho moja kwenye sindano. Mkimbiaji akigusa jiwe kabla ya mpira kufika, anasema, "Kafika." Asipowahi, "Hajafika." Hapandishi sauti, na harudii.

Mimi nilikuwa mpigaji. Si mpigaji tu, mpigaji wa kwanza. Nilikuwa naupiga mpira unavuka mapaa manne, unaangukia uani kwa watu, na watu hao badala ya kugomba wanatoka nje waone nani kapiga. Mwalimu Mnazi alisema kwao ningejaza uwanja. Baba yako mdogo Mbwana alikuwa anapiga baada yangu, kwa hiyo siku zote yuko nyuma yangu kituo kimoja. Hiyo ndiyo iliyomponza.

Siku moja mimi niko kituo cha pili, Mbwana yuko cha kwanza. Mwalimu Mnazi anapiga makofi, ananifokea, "Iba! Iba kituo!" Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi. Kwao kuiba kituo ni kukimbilia kinachofuata wakati mwenye mpira hajatazama. Mimi nikasikia nilivyosikia. Nikainama, nikalitwaa gunia begani, nikatimka. Nikafika cha tatu, nikaona na hili nisiliache, nikalitia kwapani. Nikafika kwenye jiwe na magunia mawili, makumbi yamemwagika barabara nzima. Mbwana akakimbia kwenda cha pili akakuta vumbi. Akabaki anazunguka pale kama kuku aliyevunjiwa banda, mpaka akapigwa mpira wa mgongo. Mwalimu alicheka akakaa chini na suruali yake nyeupe. Babu yako akasema, "Kafika. Na mzigo wake."

Basi kwetu ikawa sheria, anayeweza kulibeba gunia na alibebe, wa nyuma shauri yake. Watoto wa mtaa wa Makorora walisema sisi si wachezaji, ni wapagazi.

Hao Makorora ndio niliotaka kukueleza. Walikuja siku ya mechi kubwa, barabara imejaa watu mpaka juu ya kuta. Mabao sawa. Nikaupiga mmoja, mwanangu, mpira ule ulikwenda kama una safari yake. Nikapita cha kwanza, cha pili, cha tatu, naangalia, mpira bado uko mbali kabisa. Hapo sikutaka kufika kama mtu wa kawaida. Nikaruka. Nikapita hewani, nikaangukia barazani miguuni kwa babu yako, mikono juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Babu yako akangoja vigelegele viishe.

"Hajafika. Hajagusa jiwe."

Nikamwambia, "Baba, nimegusa."

Akasema, "Jiwe ni langu. Nalijua likiguswa."

Makorora wakaondoka wanaimba. Na mimi jiwe niligusa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Lilikuwa na joto la jua, nalisikia mpaka leo nikikaa vibaya. Mbwana hata sasa akinipigia simu haniamkii kama watu, ananiuliza, "Kaka, umegusa?" Namkatia.

Basi nikanuna. Wewe unajua nikinuna. Nilinuna siku hiyo, na kila neno alilonipa baba baada ya hapo nililipokea kama hukumu. Akisema mvua itanyesha, mimi naona ananionea.

Nimetoka nje kidogo kuangalia mapipa ya taka, kama kesho ni zamu ya la bluu. Taa ya chumba chako inawaka. Umebandua picha ukutani, nimeona kivuli chako kimeinua mikono. Nimesimama pale mpaka jirani wa upande wa pili akaniuliza kama nimejifungia nje. Nikamwambia nahesabu mapipa.

Nilipokuwa kijana nikapata kazi ya jikoni kwenye meli. Nilimwambia baba asubuhi, meli inaondoka jioni. Ndiyo, ulivyonifanyia wewe. Damu haipotei njia. Alikuwa anashona gunia. Hakuinua macho. Akasema, "Ukitoka humu, kitanda chako analalia Mbwana. Usidhani kitakaa kinakusubiri."

Umesikia? Maneno hayo hayo. Jumapili sikuyatunga, yalikuwa yamelala mdomoni mwangu miaka yote, ulipofungua mlango yakatoka yenyewe. Nilipoyasikia hewani niliijua sauti, na haikuwa yangu.

Mbwana akanisindikiza mpaka geti la bandari. Akasema, "Kaka, magunia umeyaacha?" Nikamwambia nimeyaacha. Akalinyanyua sanduku langu akalipima. "Mbona zito?" Akacheka, nami nikacheka, akarudi zake.

Nikafika London, nikaiacha meli, nikapata kazi ya kuosha mabasi, na mabasi yangu yalikuwa yanang'aa mpaka dereva anachana nywele kwenye ubavu. Watu wa kwetu waliokuwa hapa walikuwa wanakwenda Tanga likizo na kurudi. Mimi nawasindikiza uwanja wa ndege wa Heathrow, nawapokea Heathrow, nawabebea mizigo, nanusa pilipili kwenye mabegi yao. Wananiuliza, "Athumani, na wewe lini?" Kila mwaka nasema mwaka ujao. Walidhani ni makaratasi. Makaratasi yangu yalikuwa safi. Kilichonizuia kilikuwa kitanda. Niende nikalale wapi, niwe mgeni kwetu, nitandikiwe na mdogo wangu pembezoni? Mzee kasema kitanda si changu, basi si changu, mimi siombi. Nikajiona mwanamume kweli kweli.

Mama yangu akafa mimi niko hapa. Hilo siliandiki zaidi.

Baada ya hapo ndipo nikaenda. Nikanunua suti. Nilishuka barabara ya kumi na tatu mchana kweupe, na barabara nzima ikatoka nje kuniangalia, na suti ilinikaa, hilo watu walilisema wenyewe. Babu yako alikuwa barazani. Macho yalikuwa yamekwenda, mtoto wa jicho yote mawili, lakini gunia liko mapajani na vidole vinashona. Mbwana akatoka mbio, akanipokea sanduku.

Babu yako akauliza, "Nani?"

Mbwana akasema, "Athumani, baba. Kafika."

"Hajafika," akasema. "Hajagusa jiwe."

Mwanangu, nilisimama pale katikati ya vumbi na Makorora wote wakanirudia kifuani. Miaka yote ile, mama hayupo, nimevuka bahari, na mzee bado ana lile lile. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageuka. Nakwambia kweli, umebaki mmoja tu nirudi stendi. Mbwana akanisogelea na sanduku langu kichwani, akaninong'oneza, "Kaka, gusa hilo jiwe, wali unapoa."

Nikavua kiatu. Nikavua na soksi. Nikaweka unyayo mzima, kisigino na vidole vyote, nikakandamiza, asije akapata la kusema. Babu yako akawa kama anasikiliza. Halafu akasema, "Kafika." Akakunja gunia lake, akajisogeza barazani nipate pa kukaa.

Baadaye nikaingia ndani. Kitanda changu kiko pale pale, kimetandikwa shuka, mto umepigwapigwa. Ukutani umesimama mkeka uliokunjwa. Nikamuuliza Mbwana huu mkeka wa nani. Akasema wake, ndio aliolalia mpaka alipooa akahamia chumba cha uani. Siku niliyoondoka alikwenda kujilaza kwenye kitanda, baba akamnyanyua kwa sikio, akamwambia hicho kina mwenyewe.

Nikamwambia, "Mbwana, kwa nini hukuniandikia?"

Akaniangalia kama anamwangalia mtu wa barabara nyingine. "Nilidhani unajua. Nani anamwamini baba akisema vile?"

Mimi. Mimi ndiye niliyemwamini. Mtu mwerevu kama mimi.

Kalamu hii inavuja, imenichafua kidole. Na wewe umeanza tena kuburuta.

Leo baada ya adhuhuri nimekwenda Kenton. Mama yako alidhani naenda msikitini. Nimefika dirishani kwa Bhai, natafuta kadi yangu. Kuna ya mtu anayeuza kochi, kuna ya paka aliyepotea, yangu haipo. Nikaingia nikamwambia nipe ile kadi. Akajifanya hajui kadi gani. Nikamwambia asinichezee, kama chumba kimepata mtu amwambie mtu huyo hakipo tena. Akavuta droo ya chini ya mizani, kadi iko humo, haina hata tundu la pini.

"Sikubandika, mzee," akasema. "Mimi nina binti Toronto. Chumba chake nilisema nitaweka stoo ya mchele. Mpaka leo mchele unalala koridoni."

Nilimgombeza. Nilimwambia kadi ni yangu, hana ruhusa ya kuniwekea droo, biashara gani hiyo. Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Halafu nikanunua tambi ambazo mama yako hakuzitaka, nisije nikaonekana nimetoka Queensbury kwa ajili ya kadi. Kadi nimeichana kwenye kituo cha basi. Nimeichana vipande vidogo.

Sasa neno lenyewe. Nimelizungukia vya kutosha.

Huko uendako utaambiwa mengi na watu wengi, na namna ya kuwajua wa kuaminiwa sina, wangu mwenyewe sikuwajua. Lakini maneno yangu mimi nayajua yanakotoka, kwa hiyo nisikilize. Usiniamini. Nikisema usipige simu, piga. Mama yako akipokea, ujue mimi nimesimama nyuma ya mlango. Nikisema sina haja na habari za Australia, nieleze, taratibu, na majina ya watu. Ukiona nimenyamaza, endelea kusema. Nilimwamini baba yangu kwa neno moja la asubuhi moja, na angalia lilinila nini. Sitaki mtoto wangu awe na utii wa namna hiyo.

Chumba hakipangishwi. Kina mwenyewe.

Mama yako anataka kesho niende Heathrow. Siendi. Amenuna, anadhani ni ukaidi. Refa hakai kituo cha kwanza, mwanangu. Teksi ikifika nitakuwa nimekaa kwenye ile ngazi ya mlango wa mbele, na koti langu, na majirani wapite wanione. Sitasema kitu, najijua, nitakuwa natazama mapipa. Wewe ukitoka ikanyage ngazi vizuri, unyayo mzima, uijue ilivyo. Ina ufa upande wa kulia. Na siku ukirudi, umeshinda au umeshindwa, una mtu au huna, hata unikute nimekupa mgongo, usiniletee mbwembwe za kuruka. Gusa ngazi. Nikiwepo nitasikia, na neno langu ni moja tu. Nikiwa sipo, mwambie mama yako akusemee. Akiwa hayupo naye, gusa, halafu jisemee mwenyewe, kwa Kiswahili.

Kuhusu Makorora sibadilishi. Niligusa.

Hilo sanduku haliwezi kwenda mpaka Perth linalia hivyo, utanitia aibu. Barua naiweka juu ya meza, utaikuta ukishuka. Mimi nachukua mafuta ya cherehani ya mama yako, napanda.

Ni mimi baba yako,
Athumani
mpigaji wa kwanza, barabara ya kumi na tatu